Dereva wa Gari la Chanjo

Mama anayeendesha gari letu la chanjo huvua viatu kila tunapoanza kupanda mlima. Huvisukuma chini ya kiti, hufuta nyayo kwa kitambaa, kisha hukanyaga pedali taratibu, kwa vidole. Kwenye kila kona hupiga honi mara mbili, hata pale ambapo hatujawahi kukutana na chochote zaidi ya mbuzi. Mimi, nesi wake wa kila Jumanne, hutazama ziwa likitanuka huko chini. Yeye hutazama kokoto. Anajua zipi zimeletwa na mvua ya jana.

Wiki iliyopita, tukiwa tunateremka upande wa pili kwenda kuchanja watoto, pedali ya breki ilizama hadi chini na gari halikupunguza mwendo. "Nesi, shika boksi la chanjo," alisema, kwa sauti ileile anayoniulizia kama nimekunywa chai. Akashusha gia, akashusha tena, akalibana gari kwenye ukingo wa udongo upande wa mlima. Bati lilikwaruza kwa muda mrefu, kioo cha pembeni kikang'oka, tukasimama.

Akashuka, akaweka jiwe mbele ya tairi. Aliporudi alininyooshea chupa yake ya maji. Nilidhani ananikaribisha.

"Nifungulie," alisema akiangalia pembeni. "Vidole vimekataa."

Nikamfungulia.

"Pole, mama."

"Barafu ya kwenye boksi itadumu hadi saa ngapi?"

"Saa nane, labda."

Akanywa, akajitwisha boksi, akatangulia kushuka kwa miguu, maana kina mama na watoto wao walikuwa wanatungoja kijijini.