Kituo Kisicho na Abiria

Mimi na Otilia Bujoreanu tulikua mlango kwa mlango pale Gura Cerbului, ndiyo maana sipendi kusikia watu wakisema aliuza kijiji chake. Hakuuza. Angeuza, angalau angebaki na kitu mkononi.

Yeye alikuwa na kichwa, mimi nilikuwa na mdomo. Kila asubuhi tulipanda treni ya kwenda shuleni, mji wa Iași, kwenye kituo chetu kisicho hata na paa. Kondakta Costache alitupitisha bila tiketi, nao mama zetu walimpa jibini, mayai, na sikukuu zikifika chupa ya pombe ya plamu. Kijiji kizima kilisafiri hivyo. Kondakta wa namna hiyo kwetu huitwa baba wa ubatizo, kwa kuwa anakubeba kama mwanawe, na hakuna aliyeona haya. Otilia alisoma mpaka chuo kikuu kwa jibini la mama yake, Safta.

Akawa mtafiti hukohuko chuoni. Siku moja alipokuja kusalimia nilimkuta jikoni kwa mama yake akisonga ugali, nikamuuliza, "Hivi shoga, kazi yako hasa ni nini? Watu wananiuliza, nabaki kutoa macho."

"Haya, nikikutuma unitafutie wilaya nzima mjane mwenye mbuzi mweupe, utaanzia wapi?"

"Kwenye mbuzi weupe. Wajane wamejaa."

"Umeona? Mwingine angeanzia kwa wajane, akazunguka mpaka Pasaka. Na hifadhidata, yaani ghala la kumbukumbu kwenye kompyuta, ni hivyohivyo. Swali ni moja, njia za kulijibu ni nyingi kupita kiasi. Mashine ikichagua njia mbaya, inakwama. Mimi naifundisha ikumbuke ilikopotea, ili mara nyingine ichague vizuri. Ndiyo hiyo akili mnemba wanayoipigia kelele."

"Na wanakulipa?"

"Kidogo."

"Wangekupa huyo mbuzi," akasema Mama Safta, tukacheka mpaka ugali ukashika chini.

Aliikalia kazi hiyo miaka mingi. Wenzake walikimbilia makampuni ya nje, mumewe akafuata mshahara Ujerumani na hakurudi. Otilia alibaki na mashine zake. Hatimaye ofisi ya reli ikaomba kuijaribu programu yake. Walikuwa na kumbukumbu za kila tiketi iliyokatwa, za kila treni, za gharama ya kila breki, lakini ukiuliza swali linalogusa zote pamoja, mashine yao ilizimia. Ya Otilia ilijibu kabla kahawa haijapoa. Gazeti likatoa picha yake, na Mama Safta akaibandika ukutani kando ya sanamu ya Bikira Maria. Padri alipoiona akakohoa.

Basi wakubwa wa reli wakauliza walichokuwa na hamu nacho siku zote: ni vituo gani treni inasimama bure? Zamani swali hilo liliishia kwenye ugomvi wa wanasiasa, kila mmoja akitetea kwao, na treni ikaendelea kusimama. Sasa jibu lilitoka. Gura Cerbului kilikuwa juu kabisa ya orodha. Kwa mujibu wa mashine, hakuna mtu aliyewahi kupanda treni hapo, nao wakapanga kukifuta.

Otilia alikwenda kumwona mkuu wa ofisi hiyo, Mhandisi Lupașcu. Alinisimulia mwenyewe.

"Mheshimiwa, watu wanapanda pale. Mimi mwenyewe nimepanda pale ujana wangu wote."

"Mama, programu si yako? Si wewe uliyesimama hapa mbele yetu ukasema haikosei?"

"Nilisema haichelewi. Sikusema haikosei. Inajua mlichoiandikia tu, na hao watu hawakuandikwa."

"Kwa nini hawakuandikwa?"

Angesema nini? Kwamba walimlipa kondakta kwa jibini?

Lupașcu hakuwa mtu mbaya. Alimwambia, "Niletee maandishi ya wanakijiji. Waseme walisafiri, na walimlipa nani. Treni itaendelea kusimama kwenu."

Jumapili hiyo, baada ya misa, Otilia alisimama nje ya kanisa letu akatueleza. Hakuna aliyesogea. Mzee mmoja nyuma akasema, "Binti wa Safta kasoma akasoma, sasa anataka tujishitaki wenyewe!" Watu wakacheka kicheko cha kuudhi.

"Wajomba zangu, shangazi zangu, treni itaondoka," Otilia akasema.

"Nani ameiondoa?" mwanamke mmoja akamrushia.

Akamgeukia mama yake. "Mama, anza wewe. Wakikuona wewe watafuata."

Mama Safta alijifunga kitambaa chake upya kichwani, polepole. "Costache alikubeba kwenda shule, huna hata viatu vya baridi. Amebakisha kidogo astaafu. Unataka mimi nimpeleke jela?"

"Basi tutembee kwa miguu?"

"Tutatembea."

Nami sikutia sahihi. Mume wangu ni binamu yake Costache, na kijijini mtu haishi na treni, anaishi na ndugu.

Masika yalipofika, treni ilipita bila kupunguza mwendo. Wazee walikuwa bado wameketi kituoni na vikapu vyao, upepo wake ukawapeperusha vitambaa. Binti yangu Ilinca alikuwa mwaka wa pili wa sekondari. Alipanda malori ya watu, kisha nikaogopa malori ya watu, kisha akaacha shule. Sasa anachuma stroberi mashambani Uhispania na mikono yake imezeeka kuliko yangu.

Costache alistaafu na pensheni yake kamili. Akanunua gari, na siku za soko anatupeleka mjini. Jibini hapokei tena. Anataka pesa, na anaipokea kabla hujakaa.

Otilia, watu waliacha kuzungumza naye. Pasaka ile hakuna aliyekwenda kugonganisha mayai mekundu na mama yake, kama ilivyo desturi yetu ya sikukuu hiyo. Kisha mtu akarusha tope kwenye ukuta wao, nasi sote tukamjua ni nani, na hakuna aliyemtaja. Otilia akaja na gari la kukodi, akamchukua mama yake akaishi naye Iași, ghorofa ya saba.

Niliwatembelea mara moja. Mama Safta alikaa dirishani akitazama maegesho ya magari, hakuniuliza habari ya mtu yeyote wa kijijini. Otilia alikuwa mbele ya mashine yake.

"Bado tu?" nikamuuliza.

"Kuna toleo jipya. Lina kasi zaidi."

"Kasi ya kufanya nini, Otilia?"

Alinitazama kama niliyezungumza lugha ngeni. "Nifanye nini, Aglaia? Nilime? Hii ndiyo kazi ninayoijua."

Nikamwambia hata mimi sijui angefanya nini. Akanimiminia kahawa, tukainywa, na nilipoaga, mama yake hakugeuza kichwa.