Hakuna Anayeishi Nyika

Saa tatu na robo asubuhi gari la wilaya lilisimama chini ya mlima, pale njia inapoishia, maofisa wawili wakashuka na ramani. Walikuja kuandika wakazi. Ilikuwa miaka ya ruksa, serikali ilipowafungulia milango wafanyabiashara, na mwekezaji alikuwa ameomba tambarare yote alime mkonge. Penye makazi pangeachwa nje ya mpaka wake. Pasipo na makazi angepewa.

Shamba la mama lilikuwa humo. Mimi na yeye tulikuwa tukipalilia.

Upande wetu, huko Mlola, milima inakatika ghafla. Juu kuna migomba, ukungu na makaburi ya mababu; chini ni ukavu na joto. Kwa Kishambaa juu ni Shambaai, chini ni nyika. Wazee walipanda mlimani kukimbia homa na watu waliokuja kupora mifugo, na tangu hapo kumwita mtu wa nyika ni kumtukana. Lakini mashamba ya juu yaligawanywa kwa wana, kisha kwa wana wao, hadi mengine yakatosha kutandika mkeka tu. Baba alipofariki, mama aliteremka, akajenga nyumba ya udongo, na sehemu kubwa ya mwaka alilala huko. Mahindi yale ndiyo tuliyokula.

Ofisa kijana alimwamkia kwa adabu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Unaishi hapa nyika?"

Mama akanyoosha mgongo. "Nani, mimi? Mimi ni wa Shambaai. Hapa nalima tu."

Wifi yake, dada wa marehemu baba, ambaye shamba lake lilipakana na letu, akapiga makofi. "Mwambie, wifi! Anatuona sisi nyani? Na mimi niandike hivyohivyo."

Kalamu ikaandika. Nikamvuta mama pembeni.

"Mama, ukisema huishi hapa, shamba linakwenda."

"Kwa hiyo niseme mimi mtu wa nyika? Mbele ya wifi yangu? Atalisimulia hata siku ya kunizika."

"Tutakula nini?"

Maofisa walikuwa wamerudi garini, mkubwa akikunja ramani, na dereva ameshawasha gari. Mama aliliangalia jembe lake, akaliweka chini, akaenda hadi dirisha la gari, upande wa ofisa kijana.

"Mwanangu, andika kwamba nalala hapa."

"Kulala si kuishi, mama. Hata anayelinda mahindi yasiliwe na nguruwe analala shamba. Unaishi wapi?"

Gari likaendelea kunguruma. Aliinua macho mlimani, akayashusha.

"Nyika."

"Sijasikia, mama."

"Naishi nyika!"

Wifi yake akaguna. "Haya, mama nyika. Baki hukohuko kwenu."

Ofisa kijana alishuka, akaja kuiona nyumba, jiko na mafiga yenye majivu, akafuta jibu la kwanza. Nilimgeukia shangazi, nikamsihi naye aseme. Nyumba alikuwa nayo, tena kubwa kuliko yetu.

"Mimi nina kwetu," akanijibu.

Mkonge ulipopandwa, safu zake ziliishia kwenye ukingo wa shamba letu. Mama alilima pale hadi nguvu zilipomwishia, na jina lile la mama nyika watu wa juu hawakumwondolea. Shangazi, kwa kuwa alikuwa mlimaji tu na si mkazi, hakulipwa ardhi wala nyumba. Alilipwa fidia ya mahindi yaliyokuwa bado shambani: shilingi elfu kumi na mbili.