Maganda Pembeni mwa Ua

Jirani yetu hapa Kasulo alianza lundo lake la mboji nyuma ya jiko mwaka ule kambi ya wakimbizi ilipojaa na migomba yake ikadhoofu. Alipanga majani makavu, maganda ya ndizi, samadi na majivu kidogo, kisha akachomeka kijiti katikati. Kila asubuhi hukichomoa na kukishika kiganjani, na kikiwa na joto huguna kwa kuridhika. Mikono yake haikosi majivu, na sauti yake haikosi ukali. Mama mmoja wa kambini alikuwa akifika uani na mbuzi wake aliyekonda. "Shikamoo mama. Naomba maganda kidogo, mbuzi apate maziwa ya mtoto." Jirani alimjibu bila kuinuka: "Marahaba. Shamba langu nalo lina njaa." Yule mama alishukuru hivyo hivyo, akaondoka, na baada ya siku chache akarudi kuomba tena.

Desemba wakimbizi walirudishwa kwao. Barabara ya kwenda mpakani Rusumo ilifurika watu, kisha ikabaki tupu. Sasa mboji imeiva, nyeusi, inanukia mvua, na migomba imenenepa. Lakini kila akimenya ndizi, jirani huweka maganda kwenye beseni pembeni mwa ua, pale alipokuwa akisimama yule mbuzi, na macho yake huenda njiani. Yakinyauka hayapeleki kwenye lundo, huyatupa kichakani. "Mbolea ninayo ya kutosha," aliniambia jana, wala sikuwa nimemuuliza.