Kovu Lililofutwa kwenye Picha ya Mama

Sikubali jambo kwa sababu tu limesemwa na wengi. Hapa Ifakara kila mtu alikuwa akiniambia kwamba kishikwambi ni cha kuchezea, na kwamba picha husafishwa kwenye kompyuta ya mezani. Familia ilipoamua kulijengea kaburi la mama na kuweka picha yake juu, nilijaribu njia zote mbili.

Picha ilikuwa moja tu. Mama alifariki nikiwa na miaka minne. Uso wake ninaoujua ni ule wa karatasi, na maji ya mafuriko yaliwahi kuingia sandukuni yakauachia madoa.

Fundi wa duka la picha alifanya kazi safi. Kioo chake kipana kilionyesha hata uzi wa kola, na kwa kipanya akayaondoa madoa moja baada ya jingine.

"Na hili la kwenye nyusi, babu?"

"Futa. Doa ni doa."

Alinichapia nakala, nikaondoka nimeridhika.

Nyumbani, binti yangu, ambaye ni mwalimu, aliipiga upya picha ya zamani kwa kishikwambi chake, akanipa kalamu yake. Nilistaajabu! Nilitanua vidole viwili, jicho la mama likajaa kioo. Mkono wangu ulipita juu ya doa lenyewe; haukuhangaika na kipanya mezani huku macho yakitazama kwingine. Nikafuta, nikarudisha, nikafuta tena.

"Baba, chai inapoa."

"Iache ipoe."

Hata hivyo nilitaka shahidi. Aliyebaki hai kati ya waliomwona mama ni mdogo wake, aliyeko Idete, na miguu yake haimfikishi tena hata kanisani. Kompyuta ya mezani haipandi basi. Kishikwambi nilikipakata.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Umezeeka!"

"Na wewe je?"

"Mimi nilishamaliza kuzeeka."

Nikampa nakala ya dukani. Akaitazama kwa muda mrefu.

"Mzuri. Ni nani huyu?"

"Ni mama."

"Dada yangu alikuwa na kovu hapa." Akajigusa kwenye nyusi. "Tulikuwa tukitwanga mpunga wawili, kinu kimoja, kila mtu na zamu yake. Mimi nikacheka, nikakosa zamu, mchi ukampata. Hakunisema kwa mama yetu. Alidai ameanguka."

Nami ndiye niliyeamuru lifutwe, kwa kudhani tu, mimi nisiyekubali dhana za wengine!

Kwenye kishikwambi, picha ya kwanza ilikuwa bado ipo chini ya kazi yangu. Nikapitisha kalamu taratibu, kovu likaanza kurudi.

"Shuka kidogo. Liliishia karibu na pua. Hapo. Hapo hapo!"

Tulipiga kelele kama watoto, hadi jirani akachungulia mlangoni. Mdogo aliyeshika mchi na mtoto asiyemkumbuka mama yake tulikuwa tukimtazama mtu mmoja.

Mama mdogo akaweka kidole gumba juu ya kovu. "Nisamehe, dada." Akaongeza kidole cha pili ili amshike shavu, picha ikatanuka, kovu likajaa kioo kizima. Akauondoa mkono kwa mshtuko, kisha akacheka huku machozi yakimtoka.

"Mwone! Bado ananionyesha!"

Kesho yake nilimpelekea fundi picha ile aichape, nikamwagiza asiguse chochote.