Mdomo Haugusi, Kidole Hakisemi

Darasa la nne walimwita Mwalimu Hebu, naye alilijua jina hilo na wala halikumuudhi. Alilipata kwa sababu hakuna jibu aliloliacha lipite hivihivi. Ukimwambia sita mara saba ni arobaini na mbili, hakusema sawa wala si sawa. Aliinamisha kichwa upande kama kuku aliyesikia kitu nyuma ya ukuta, kisha akasema, "Hebu nieleze." Waliochungulia daftari la jirani waliyaogopa maneno hayo mawili kuliko fimbo.

Alikuwa mwanamke mfupi wa hatua ndefu, mwenye chaki mfukoni hata siku za mapumziko. Mumewe alikuwa fundi cherehani, na sebule yao ndiyo ilikuwa karakana, kwa hiyo mgeni akija ilibidi kwanza ahamishiwe suruali ya mtu mwingine kutoka kwenye kiti.

Basi, mwanzoni mwa muhula, ofisi ya elimu ikaazimisha vishikwambi kwa shule tatu, na shule ya Mwalimu Hebu ikawa mojawapo. Masharti yalikuwa mafupi: mwisho wa muhula afisa wa elimu atapita kuangalia. Vikitumika vizuri, vishikwambi vitabaki. Visipotumika vizuri, vitahamia shule nyingine.

Mwalimu Hebu alivitaka vibaki, tena alivitaka kwa roho yake yote. Kwa miaka mingi alikuwa na ubao mmoja na watoto wengi. Swali likiwa rahisi, walio mbele walipiga miayo. Likiwa gumu, walio nyuma walijificha migongoni mwa wenzao. Sasa kimekuja kitu kinachompa kila mtoto swali la kimo chake, kinachochora picha ya mkate na kuukata vipande mbele ya macho yake, kisichochoka wala kununa. Alikipangusa kila kimoja kwa kitambaa laini ambacho mumewe alikikata kutoka kwenye mabaki ya bitana.

Siku ya kwanza ilikuwa vituko. Hakuna aliyejua pa kupunguzia sauti, na vishikwambi vyote vikawashwa kwa pamoja. Sauti ya mama mmoja mpole ikasema "Karibu, mwanafunzi" kutoka kila dawati, kishikwambi kimoja kikipokea kingine kama mwangwi. Watoto wenye adabu zao wakasimama wote wakajibu, "Asante, mama." Mwalimu wa darasa la pili, kule upande wa pili wa ukuta, akaja mlangoni kuuliza mgeni ameketi wapi amsalimie.

Baada ya hapo mambo yakanyooka. Ukijibu swali sawa, nyota ya njano inaruka juu ya kioo na kulia "ting". Nyota zote zilihesabiwa na programu yenyewe, na kwenye kishikwambi cha mwalimu kulikuwa na jedwali la kuonyesha shule ipi inaongoza kati ya zile tatu. Kabla muhula haujafika katikati, darasa la Mwalimu Hebu likawa la kwanza. Mwalimu mkuu, mwanamume mnyoofu mwenye tai isiyolegea hata jua liwake vipi, alilitangaza jambo hilo paredi ya asubuhi, akalirudia paredi iliyofuata, na walimu wakaapa kwamba alimpigia simu hata shemeji yake.

Kinara wa nyota alikuwa mvulana mmoja ambaye wenzake walimwita Umeme. Vidole vyake vilikuwa vyepesi hata ukimtazama unasikia kizunguzungu. Ting, ting, ting. Mwalimu Hebu alipita katikati ya madawati, masikio yamejaa milio, moyo umejaa furaha.

Kumbe debe tupu haliachi kuvuma.

Aligundua siku umeme ulipokatika na vishikwambi havikuwa na chaji. Akashika chaki kama zamani, akauliza ubaoni: robo na thumuni, ipi kubwa? Karibu darasa zima likajibu thumuni, maana nane inaizidi nne. Umeme naye alisema thumuni, tena kwa sauti kubwa.

"Hebu nieleze," mwalimu akamwambia. "Swali hili si umelipata juzi tu?"

Umeme akakuna kichwa. "Kwenye kishikwambi huwa napata, Mwalimu."

Hakuwa anadanganya, na ndicho kilichomchanganya mwalimu. Kesho yake jioni, chaji imerudi, akabeba kishikwambi kimoja nyumbani, akakiegemeza kwenye mtungi wa maji na kukifungua huku akikata vitunguu. Macho yalikuwa yanamchuruzika, vidole vimelowa, kwa hiyo alibonyeza kwa kifundo cha kidole bila kuona vizuri. Akakosea. Akakosea tena. Akakosea mara ya tatu, na papo hapo jibu sahihi likawaka kijani lenyewe, likajaa kioo kizima. Akaligusa. Ting. Nyota.

Akajaribu swali la pili makusudi, macho yamefumbwa. Nyota. La tatu, nyota. Akamwita mumewe aje ashuhudie.

Fundi alisimama pale, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, akatazama nyota zinavyoruka. Kisha akachukua kipande cha kitunguu kutoka kwenye ubao, akakibonyeza kwenye kioo mara tatu, akakibonyeza tena penye kijani. Ting.

"Mke wangu," akasema kwa utaratibu, "hata kitunguu hiki kingeingia darasa la tano."

Walicheka mpaka mboga ikaanza kuungua. Lakini kicheko kilipoisha, mwalimu akakizima kishikwambi. Nyota zile alizokuwa akitembea nazo kifua mbele zilikuwa za kitunguu. Asubuhi alimwomba Umeme amwonyeshe anavyofanya, naye akaonyesha bila aibu yoyote. Alieleza kwamba ukikosea mara tatu kitu hiki kinakuonea huruma, na kwamba darasa zima linajua, walidhani na Mwalimu anajua.

Hakuweza kuwakasirikia. Maji hufuata mteremko, na watoto nao walikuwa wameuona mteremko. Wala hakuweza kukilaumu kile kioo. Maswali yalikuwa mazuri, na picha ya mkate unaogawanywa ilikuwa bora kuliko yoyote aliyowahi kuichora yeye kwa chaki. Shida ni kwamba hakuna aliyeitazama. Vidole vilikuwa vinafika kabla akili haijavaa viatu.

Dawa aliipata sebuleni, bila kuitafuta. Mikono ya mumewe huwa na mafuta ya cherehani, kwa hiyo ujumbe wa simu kwa wateja yeye husema na mkewe huandika. Siku hiyo mteja mmoja alikuwa anauliza koti lake.

"Mwandikie liko tayari," fundi akasema.

Kidole cha mkewe hakikusogea. "Tayari vipi? Mkono mmoja si huo hapo mezani?"

Fundi akautazama mkono wa koti. Mkono wa koti nao kama ukamtazama. "Haya, mwandikie linakaribia." Kisha akacheka na kutikisa kichwa. "Ningeandika mwenyewe ningeshadanganya zamani. Kumwambia mtu aliyekaa mbele yako ndiyo kazi."

Mwalimu Hebu akamtazama mumewe kana kwamba ndiyo kwanza wanaoana.

Kesho yake nusu ya vishikwambi vikabaki kabatini. Watoto wakaketi wawiliwawili, kishikwambi kimoja katikati. Mmoja ni mdomo, mwingine ni kidole. Mdomo anasoma swali, anasema jibu na kueleza sababu, lakini haruhusiwi kugusa. Kidole anagusa, lakini hagusi mpaka aridhike; asiporidhika anauliza "kwa nini?" na mdomo anaanza upya. Swali likiisha wanabadilishana. Mwalimu akaandika sheria juu ya ubao kwa herufi kubwa: MDOMO HAUGUSI, KIDOLE HAKISEMI ILA KWA NINI.

Malalamiko hayakuwa haba. Umeme alisema amefungwa jela ya mikono, na zamu yake ya mdomo ilimbidi aikalie mikono yake kabisa, maana ilikuwa inamtoroka. Aliyekaa naye alikuwa msichana waliyemwita Hakimu, mtoto asiyeridhika kirahisi. Umeme akisema "nane kubwa kuliko nne, bwana, gusa hapo," Hakimu anakunja mikono na kuuliza kwa nini. Siku ya kwanza walimaliza maswali mawili tu, na walitoka wamenuniana.

Ila kelele za darasa zilibadilika. Badala ya ting, mwalimu alisikia, "Sikiliza wewe, mkate ni uleule." Alisikia, "Mkiwa wanane utapata cha kuonja tu, mkiwa wanne utashiba." Alisimama nyuma ya madawati akajizuia asiingilie, na kwake kujizuia ni mtihani mkubwa.

Nyota nazo zikakauka kama bomba la kiangazi. Darasa likashuka la pili, kisha la tatu kati ya shule tatu, na hapakuwa na pengine pa kushukia.

Mwalimu mkuu akaja wakati wa mapumziko, akafunga mlango nyuma yake. Alizungumza kwa upole, na upole wake ndio uliomtisha. Alisema anamwelewa, na kwamba yeye mwenyewe alifundisha miaka kumi kabla ya kufungwa ofisini. Lakini afisa anakuja wiki ijayo, na afisa atakuwa na jedwali mkononi.

"Wiki moja tu, Mwalimu. Waachie waguse kama zamani. Akishaondoka utaendelea na midomo yako."

"Akiuliza swali moja nje ya kile kioo, Mkuu, tutasema nini?"

"Na asipouliza?"

Mwalimu Hebu alilitazama kabati, akaliona akilini tupu tayari, rafu zimebaki na alama za mistatili kwenye vumbi. Angekubali, hakuna ambaye angejua ila yeye, mumewe na kitunguu. Akasema atafikiri. Kipindi kilipoanza, akawatazama watoto wakijipanga wenyewe wawiliwawili bila kuambiwa, Umeme akikalia mikono yake, na akaona kwamba ameshamaliza kufikiri.

Afisa wa elimu alikuwa mtu mnene mwenye miwani iliyosukumwa juu ya paji la uso, na mkoba uliojaa makaratasi. Alisalimia, akaketi, akalitazama darasa. Kisha akaliona kabati.

"Hivi vingine vimelala?"

Mwalimu mkuu akakohoa. Mwalimu Hebu akasema vimelala, ndiyo. Afisa akashusha miwani machoni, akatoa karatasi. Akasoma kwamba darasa hili lilikuwa la kwanza, na sasa ni la mwisho, tena kwa mbali. Akauliza kilichotokea.

Mwalimu Hebu akaiweka chaki mezani. "Zile nyota za mwanzo zilikuwa za uongo, Afisa," akasema. "Mimi mwenyewe nilizishangilia."

Mwalimu mkuu akaishika tai yake kama mtu anayeshika kamba ya kisimani.

Mwalimu akamwita Umeme mbele, akamwomba afumbe macho na kutafuta nyota kwa njia ya zamani. Umeme alisita, akamtazama kuhakikisha si mtego, kisha akafumba macho. Ting. Ting. Ting. Watoto wakaziba midomo kwa viganja. Afisa hakucheka. Akakichukua kishikwambi, akafumba macho yake mwenyewe, akabonyezabonyeza kwa dole gumba nene. Ting.

Akafumbua macho, akaitazama nyota yake kwa muda. Halafu akainuka akaenda ubaoni bila kishikwambi, akachora pembe tatu na mduara, akafuta, na mwishowe akaandika swali lake mwenyewe: theluthi mbili na robo tatu, ipi kubwa? Mwalimu Hebu alishtuka. Hilo walikuwa hawajalifikia.

Minong'ono ikaanza, wawiliwawili. Kwa nini? Hapana, kwa nini? Hakimu alikunja mikono mara mbili. Hatimaye Umeme akanyoosha mkono, akasimama, akaanza kueleza polepole kama anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Mkate wa kwanza umekatwa vitatu, akala viwili, kimebaki kipande kimoja. Mkate wa pili umekatwa vinne, akala vitatu, kimebaki kimoja pia. Lakini kile kilichobaki kwenye mkate wa vinne ni kidogo zaidi.

"Kilichobaki kikiwa kidogo, basi nimekula zaidi," akamaliza. "Robo tatu ndiyo kubwa." Akafikiri. "Hakimu alinikatalia mara mbili kabla sijaiona."

Afisa akamgeukia Hakimu, akamuuliza kama sasa ameridhika. Hakimu akasema ameridhika, kiasi.

Hapo ndipo afisa alipocheka, tumbo lote. Alipotulia alikunja karatasi ya nyota na kuirudisha mkobani. Akamwambia mwalimu mkuu kwamba vishikwambi vinabaki, na vile vya kabatini viende darasa la tano, nao wafundishwe hivihivi wawiliwawili. Kisha akauliza, kama jambo la kando, kama Mwalimu angeweza kuitembelea shule inayoongoza kwa nyota wiki ijayo, maana sasa anaanza kuwa na wasiwasi nayo. Mwalimu mkuu, tai imelegea, alikubali kwa niaba yake kabla hajafungua mdomo.

Mwalimu Hebu alirudi nyumbani kwa hatua ndefu kuliko kawaida. Fundi alikuwa ameinama kwenye cherehani, pini midomoni. Akazitoa moja moja, akauliza mmekuwa wa ngapi.

"Wa mwisho," mkewe akasema, akahamisha suruali ya mtu na kukaa.

Fundi akamtazama usoni kwa makini. "Sasa mbona unacheka?"

"Subiri nivue viatu," akasema, "nikueleze."