Lipu Itaficha

Arusha tunaligawa neno fundi kama pipi. Anayeziba pancha ni fundi, anayeshona sare ni fundi, na yule aliyefungua redio yetu akabakiwa na skrubu mbili mkononi, naye tulimuaga kwa "asante, fundi". Mimi silitoi ovyo. Ugumu huo ulinianza mwaka ambao mama alijenga nyumba yake.

Kwa miaka mingi mama alikuwa saidia fundi kwenye majengo ya Sekei. Alibeba maji, akachanganya saruji na mchanga kuwa udongo wa kujengea, akapandisha karai kwa wanaume waliokuwa juu. Wao walikuwa mafundi. Yeye alikuwa "mama, lete udongo". Jioni alirudi kwetu mlimani na saruji kwenye nyusi. Shuleni nikiulizwa kazi ya mzazi niliandika "mkulima". Migomba na kahawa tulikuwa navyo, kwa hiyo haukuwa uongo mtupu, lakini ukweli ni kwamba niliona aibu.

Katikati ya migomba hiyo ndipo alipoanza vyumba vyake viwili. Alimwita fundi mwashi wa Terrat ambaye mama alimsaidia kazi miaka yote ile. Kuta tatu zikapanda vizuri. Ulipobaki wa nyuma tu, fundi akapata kazi nyingine mjini, akasema, "Kesho asubuhi niko hapa." Aliyewahi kujenga anaijua kesho hiyo. Mwiko aliuacha kwetu tuamini atarudi, ila timazi, ile kamba yenye chuma ya kupimia kama ukuta umesimama wima, aliondoka nayo.

Wiki ikapita. Mawingu ya masika yakaanza kukaa juu ya Meru, na mabati yetu yamelala nyasini. Bila ukuta ule hakuna kupaua, na nyumba ya zamani ilikuwa inavuja kila kona. Asubuhi moja mama akauchukua mwiko.

"Changanya udongo," akaniambia.

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Siku ile alipandisha kozi sita, mistari sita ya tofali. Alifunga uzi kona hadi kona, akapanga tofali, akaligonga kwa mpini wa mwiko, akarudi nyuma kutazama. Aliimba nyimbo za kanisani mpaka giza likaingia.

Kesho yake, kama aliyeambiwa, fundi akatokea. Nilimpa shikamoo, hakuisikia. Alikuwa anautazama ukuta. Akateremsha timazi. Mama alisimama pembeni ameishika khanga kwa mikono miwili, na mimi, niliyecheka jana, nilikuwa naomba Mungu moyoni.

Ukuta ulikuwa umelala nje, unene wa kidole. Uzi wa mama ulinyoosha mstari, wima haukuupima.

"Umejitahidi sana, mama," fundi alisema kwa upole. "Tuendelee tu. Lipu itaficha."

"Ungeujenga wewe, ungesema hivyo?"

Fundi akacheka. "Kwani umenisikia nikisema hivyo mara ngapi?"

"Nyingi mno," mama akajibu, akaokota nyundo.

"Mama, mvua!" nilipiga kelele. Ni kama nilikuwa nazungumza na mgomba. Udongo ulikuwa haujashika sawasawa, kwa hiyo tofali zilitoka nzima. Alizishusha moja moja, akazikwangua, akazipanga upya chini. Roho iliniuma hadi nikashindwa kumsaidia.

Fundi akavua shati, akaning'iniza timazi kwenye msumari pale mama angeifikia, akashika koleo. Alichanganya, akajaza karai, akalibeba mwenyewe hadi miguuni pa mama.

"Udongo huo, fundi," akasema.

Mama hata hakugeuka. "Mgumu huu. Ongeza maji."

Akaenda kuongeza maji.

Mvua ilitukuta hatujapaua. Tulifunika kuta kwa turubai, tukalala wiki nzima kwenye nyumba ya zamani tukikinga matone kwa sufuria, na sikumlaumu mtu.

Leo kuta tatu zina lipu na rangi ya maziwa. Ule wa nyuma tofali zake ziko wazi, mama amekataa usiguswe, na mgeni akija mimi ndiye ninayempeleka nyuma ya nyumba.