Taa Nyekundu ya Bwana Kuwabara

Miaka ile ya sabini, taa ndogo za diodi zilikuwa na haya kama bibi harusi. Ukitaka kujua kama imewaka, sharti uikinge kwa kiganja, uiname, uchungulie. Injinia Kuwabara Teiji, wa kiwanda kimoja kidogo pale Sendai, aliona hiyo ni aibu. Akajiapiza kutengeneza nyekundu itakayoonekana juani.

Kila asubuhi aliotesha utando mwembamba wa fuwele, ile inayotoa mwanga ndani ya taa, katika tanuri, na kila jioni akautoa umepasuka. Mkuu wake, Bwana Osanai, alimwambia mbele ya wenzake aache kutafuta ugomvi na jua. Kuwabara akaitikia kwa heshima zote, kesho yake akabadilisha mchanganyiko na kuanza upya.

Kiangazi kilipopamba moto, fuwele moja ikatoka nzima. Taa iliyotokana nayo ilimchoma macho. Ila macho yake mwenyewe hakuyaamini, maana yalikwisha kuipenda. Akaifunga nyuma ya baiskeli pamoja na betri, akaondoka jua la utosi kwenda kula nyumbani.

Hakufika mbali. Polisi alimpigia filimbi.

"Mzee, taa mchana kweupe? Umelewa?"

"Umeionaje, afande?"

"Kwa macho. Kwani wewe unaonea nini?"

"Ulikuwa umesimama wapi?"

Polisi akaonyesha duka la tofu, ng'ambo ya daraja. Kuwabara akainama kumshukuru, akainama tena, kisha akamsihi arudi kule kule aitazame upya, safari hii akiwa amechuchumaa. Polisi akaamua kwamba joto limempanda mtu huyu kichwani, akamsindikiza hadi kwake.

Mkewe, Sumie, alipomwona polisi mlangoni alidhani mume ameua mtu. Alipoelezwa alicheka, akamkaribisha mgeni tambi baridi.

"Baba Chie, sasa mkuu wako ataamini?"

"Atasema nimeota."

Polisi, aliyekuwa ameshashiba na kuanza kuona raha ya kisa hiki, akasema ataenda kusema mwenyewe. Akaenda kiwandani na sare yake, Kuwabara akimfuata na baiskeli. Osanai akatoka hadi uani, akasimama juani bila kofia, akaikodolea macho ile taa kwa muda mrefu.

"Unaweza kutengeneza ya pili?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Sijui, mkuu. Hata hii sijui ilitokaje."

Ilimchukua mwaka mzima kujua.